Kazi za Muda Ughaibuni kwa Mhitimu Mpya wa Afrika Mashariki

Kazi ya muda mfupi nje ya nchi ni ajira, mafunzo yanayolipwa au huduma ya kujitolea yenye posho, ambayo mwisho wake umeandikwa tangu siku ya kwanza: miezi minne, sita, tisa, kumi na miwili, mara chache kumi na minane. Kwa mhitimu aliyemaliza chuo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura, ukomo huo una uzito wa kihesabu kabla ya jambo lingine lolote. Gharama za kuingia, yaani pasipoti, viza, mtihani wa lugha, vipimo vya afya, uthibitisho wa vyeti na nauli ya ndege, hazipungui kwa sababu kazi ni fupi. Anayekwenda kwa miaka mitano huzigawa kwa miezi sitini. Anayekwenda kwa miezi sita huzigawa kwa sita tu. Kwa hiyo swali la mshahara hutanguliwa na jingine: gharama hizo analipa nani, na zitarudi baada ya miezi mingapi? Nafasi nyingi zinazong'aa kwenye tangazo hufifia zikipitishwa kwenye swali hilo.

Sababu za kuzitafuta kazi hizi hazihitaji maelezo marefu. Waajiri binafsi huomba uzoefu wa miaka mitatu kwa nafasi ya mtu anayeanza. Ajira za serikali, hasa za ualimu na afya, hutoka kwa awamu, na wahitimu wa miaka tofauti hujikuta wakigombea nafasi zilezile. Mwaka mmoja nje ya nchi huziba pengo hilo, huacha akiba kidogo na humpa mhitimu kitu cha kuandika kwenye wasifu wake. Serikali nazo zina hamu yake. Fedha zilizotumwa Kenya na raia wake walio nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, na utawala wa Rais William Ruto umefanya utafutaji wa ajira za nje kuwa sera, kwa jina la Kazi Majuu. Tanzania imekwenda kwa tahadhari zaidi, ikitumia wakala wake wa huduma za ajira, TaESA, na usajili wa mawakala binafsi.

Sehemu kubwa ya ushauri uliojaa kwenye intaneti kuhusu kazi za muda kwa wahitimu imeandikwa kwa watu wenye pasipoti nyingine. Mfano mkubwa ni viza za likizo na kazi, zinazomruhusu kijana kuingia nchini, kuchuma matunda mwezi huu, kuhudumu mgahawani mwezi ujao, na kutembea katikati, bila kuwa na mwajiri aliyempata kabla ya safari. Uingereza inao mpango wa namna hiyo kwa vijana, Kanada inao, na Australia inazo viza mbili, namba 417 na 462. Mipango yote hii husimama juu ya makubaliano ya nchi kwa nchi, na katika orodha zake hakuna Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi wala Congo. Kufundisha Kiingereza Asia, ushauri mwingine unaorudiwa sana, kuna ukuta uleule: viza ya E-2 ya Korea Kusini hutolewa kwa raia wa nchi saba zinazohesabiwa kuwa za wazawa wa Kiingereza, na Afrika Kusini ndiyo pekee kutoka bara hili. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza hahesabiwi.

Kuna pia viza zinazompima mhitimu kwa jina la chuo chake. Mwaka 2022 Uingereza ilianzisha viza ya miaka miwili kwa waliomaliza vyuo vilivyo juu kabisa katika orodha za kimataifa. Orodha yake ya kwanza haikuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Umoja wa Falme za Kiarabu ulifanya jambo linalofanana mwaka huohuo kwa viza ya kutafuta kazi ya siku 60, 90 au 120, iliyowalenga wahitimu wa vyuo 500 bora duniani. Mhitimu wa Mzumbe au Maseno akisoma kwamba Dubai ina viza ya kutafuta kazi, anasoma habari ya kweli ambayo huenda isimhusu.

Ndiyo maana utafutaji wenye akili huanza na aina ya viza, kisha ndipo huja nafasi. Kilichobaki wazi kwa pasipoti za Afrika Mashariki si kidogo, ila kimetawanyika, na kila mlango una masharti yake.

Marekani mlango huo ni viza ya J-1, ya mipango ya kubadilishana. Ndani yake mna makundi ambayo wengi huyachanganya. Kazi za msimu wa kiangazi, ambazo hazizidi miezi minne, ni za wanafunzi ambao bado wamesajiliwa chuoni; aliyekwisha kuhitimu amechelewa, isipokuwa yule wa mwaka wa mwisho aliyeomba kabla ya kumaliza. Kundi linalomfaa mhitimu ni la mafunzo kwa vitendo, la hadi miezi 12, na sharti lake kuu ni kalenda: mafunzo yaanze ndani ya miezi 12 tangu kuhitimu. Muda huo ukipita, mwombaji huhamia kundi la wanagenzi, linalodai shahada pamoja na uzoefu wa mwaka mmoja katika fani yake. Hapa ucheleweshaji wa vyuo huuma. Anayesubiri mahafali, kisha cheti, kisha pasipoti, hugundua kwamba nusu ya mwaka wake imekwisha kabla hajaandika barua ya kwanza.

Viza ya J-1 haitolewi kwa mwaliko wa mwajiri peke yake. Lazima kuwe na mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, anayetoa fomu DS-2019, na mpango wa mafunzo, fomu DS-7002, unaosainiwa na mhitimu, mdhamini na msimamizi wa kazi. Mpango huo unastahili kusomwa mstari kwa mstari. Kanuni zinakataza kumweka mwanafunzi wa vitendo kwenye kazi zisizo na ujuzi, kulea watoto au wazee, au kumpa kazi za ukarani zaidi ya asilimia 20 ya muda wake. Na aliye hotelini kwa miezi sita au zaidi anapaswa kuzungushwa katika idara tatu au zaidi. Hoteli inayomwacha mhitimu wa utalii akitandika vitanda mwaka mzima imevunja kanuni, na mdhamini ndiye wa kuambiwa kwanza. Gharama si ndogo. Ada ya viza imekuwa dola 185 tangu 2023, ada ya mfumo wa SEVIS dola 220, na ada ya mdhamini mara nyingi hupita dola 1,000, bado nauli. Kisha kuna usaili ubalozini, ambako sheria inamtaka ofisa amchukulie mwombaji kuwa ana nia ya kuhamia mpaka athibitishe kinyume chake. Siasa nayo inaweza kuufunga mlango kwa siku moja: tangazo la Juni 2025 liliiweka Burundi kwenye vizuizi vilivyogusa hata J-1, na orodha ya nchi zilizozuiwa imekuwa ikiongezwa.

Wahitimu wa kilimo wana njia yao, iliyozoeleka zaidi Chuo Kikuu cha Sokoine kuliko kwingine: mafunzo ya takriban miezi 11 katika mashamba ya Israel, darasani siku chache na shambani siku nyingi, kwa malipo yanayotoka kwa mwenye shamba. Wengi wamerudi na ujuzi wa umwagiliaji wa matone na mtaji wa kuanzia. Hatari yake ilijulikana dunia nzima Oktoba 7, 2023, siku vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa katika mafunzo hayo walipotekwa. Wote wawili walithibitishwa kuuawa. Baada ya hapo, ukaribu wa shamba na mpaka umekuwa swali la kuulizwa kabla ya kusaini, sawa na malipo.

Ujerumani inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo nchi inayotajwa sana na isiyoeleweka sana. Septemba 13, 2024 Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin. Ndani ya siku moja ilienea habari kwamba Ujerumani itachukua Wakenya 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayana idadi wala mgao wowote, na kila mwombaji anabaki chini ya sheria ya uhamiaji ya kawaida. Namba ile iliendelea kutembea hata hivyo, na madalali waliipenda.

Sheria yenyewe inatoa njia tatu kwa mhitimu anayetaka muda mfupi. Ya kwanza ni huduma ya kujitolea ya kitaifa, iliyoanzishwa 2011 baada ya Ujerumani kusimamisha jeshi la lazima na kupoteza vijana waliokuwa wakihudumu hospitalini na katika nyumba za wazee badala ya kwenda jeshini. Huchukua kwa kawaida miezi 12, isiyopungua 6 wala kuzidi 18. Si kazi ya mshahara. Ni posho, mara nyingi pamoja na malazi na chakula, na bima ya afya hulipwa na taasisi. Tangu mwishoni mwa 2013 mpango wa weltwärts, ambao awali ulipeleka Wajerumani tu kusini, umekuwa ukiwapokea pia vijana wa kusini ndani ya huduma hiyo, na hapa nauli, viza na kozi ya lugha hugharimiwa na mpango. Kwa kipimo cha gharama za kuingia, hii ni kati ya nafasi nafuu kabisa zilizopo. Makanisa yana mkono mkubwa: vijana wa Kilutheri wa Tanzania wamepitia kwa miaka mingi kwenye umoja wa kimisioni wenye makao Wuppertal na kwenye misheni ya Leipzig. Nafasi ni chache na hujazwa mapema, takriban mwaka mmoja kabla ya safari.

Njia ya pili ni kulea watoto katika familia, au pair. Masharti yake yako wazi: umri usiofika miaka 27, Kijerumani cha kiwango cha A1, saa zisizozidi 30 kwa wiki, chumba na chakula, posho ya euro 280 kwa mwezi, euro 70 kwa mwezi kuelekea kozi ya lugha, na bima juu ya familia. Muda ni mwaka mmoja na haurudiwi. Hesabu yake ni rahisi na haipendezi: euro 280 kwa miezi 12 ni euro 3,360, na ndani yake itoke nauli ambayo familia nyingi hazilipi, ada ya viza, na gharama za kozi na mtihani wa A1 uliofanywa nyumbani kabla ya safari. Anayekwenda kutafuta akiba amekosea mlango. Anayekwenda kutafuta Kijerumani cha B1, ili aombe mafunzo ya ufundi au uuguzi kutoka hukohuko, huenda amepata njia nafuu kuliko zote. Mhitimu wa shahada anayeona haya kulea watoto wa watu afahamu kwamba wengi wa waliofika mbali Ujerumani walianzia jikoni kwa mtu.

Ya tatu ni Kadi ya Fursa, Chancenkarte, iliyoanza Juni 1, 2024. Humruhusu mwenye shahada inayotambuliwa na nchi yake, mwenye Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, na aliyefikisha alama sita za mfumo wake, kukaa mwaka mmoja akitafuta kazi. Wakati huo anaweza kufanya kazi ya saa 20 kwa wiki na majaribio ya wiki mbilimbili kwa waajiri. Kinachowakwamisha wengi ni fedha: mwombaji aonyeshe kuwa anaweza kujikimu, na kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, sawa na euro 13,092 katika akaunti iliyofungwa, zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania. Aliye na mkataba wa kazi ya muda mkononi anaweza kupunguza kiasi hicho. Kiutendaji, kadi hii ni ya mtoto wa mwenye uwezo, au ya mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka michache.

Upo mlango mmoja ambao ufunguo wake wanao wazungumzaji wa Kiswahili peke yao, na ni ajabu jinsi unavyosahauliwa. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, FLTA, huwapeleka Wakenya na Watanzania kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa miezi tisa. Wanaotakiwa ni vijana wa miaka 21 hadi 29 wenye shahada, hasa ya ualimu, lugha au fasihi. Tiketi, bima na posho hulipwa na mpango, na msaidizi husoma masomo machache akiwa huko. Sharti lake zito ni kurudi: kwa kuwa unalipwa na serikali, aliyeshiriki hukaa kwao miaka miwili kabla ya kuomba viza za kazi au ukaazi wa kudumu Marekani. Udhaifu wake ni kutegemea bajeti ya Washington. Mapema 2025 malipo ya Fulbright yalikwama kwa muda, na walioathirika walikuwa tayari darasani.

Soko la Kiswahili limepanuka pia karibu na nyumbani. Rwanda ilikifanya lugha rasmi 2017, Afrika Kusini ilikikubali kama somo la hiari shuleni, baraza la mawaziri la Uganda liliamua 2022 kifundishwe kwa lazima, na Umoja wa Afrika ulikiingiza katika lugha zake za kazi Februari mwaka huo. Maamuzi yametangulia mbele ya mikataba. Walimu walioajiriwa ni wachache kuliko hotuba zilizotolewa. Hata hivyo kazi za miezi michache zipo, katika ukalimani wa mikutano, tafsiri, na kufundisha wageni. Mhitimu wa Kiswahili wa Tanzania anashauriwa kujisajili kwenye kanzidata ya wataalamu ya BAKITA, baraza la Kiswahili la nchi hiyo, na kupata mafunzo yake ya kufundisha wageni, kwa sababu kuzungumza lugha tangu utotoni hakumfanyi mtu ajue namna ya kumweleza mgeni ngeli za nomino.

Kazi ya muda iliyopangika kisheria kuliko zote haiko katika nchi yoyote, iko baharini. Meli za kitalii huajiri wahudumu, wapishi, wapokezi, wahasibu na watunza stoo kwa mikataba ya miezi sita hadi tisa, na wahitimu wa hoteli wa pwani, kutoka Mombasa hadi Unguja, wanazo sifa. Tofauti na ajira za nchi kavu, hapa upo mkataba mmoja wa kimataifa unaotaja haki kwa majina: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, uliokubaliwa na Kenya 2014 na Tanzania 2019. Unamkataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Baharia hulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Nauli ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha ni juu ya mwenye meli. Muda wa kuwa melini mfululizo bila haki ya kurudishwa nyumbani usifike miezi 12, na saa za kupumzika zisipungue 10 kwa siku na 77 kwa wiki.

Maandalizi ni mafunzo ya msingi ya usalama yanayotambuliwa na mkataba wa STCW, yanayotolewa na vyuo kama Bandari Maritime Academy cha Mombasa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam, pamoja na kipimo cha afya cha mabaharia. Mamlaka za kuulizia mawakala ni KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania Bara na ZMA kwa Zanzibar. Kazi yenyewe si pikiniki: siku saba kwa wiki, saa kumi au zaidi, chumba cha watu wawili chini ya mstari wa maji. Lakini chakula, malazi na matibabu havitoki kwenye mshahara, na miezi minane melini inaweza kuacha akiba kubwa kuliko miaka miwili hotelini Diani.

Jirani zake Afrika Mashariki mhitimu huwasahau, labda kwa sababu Kigali haina hadhi ya Berlin kwenye simulizi za nyumbani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kila nchi ilichagua kada ilizozifungua, na Tanzania ilichagua kwa ubahili. Kenya, Uganda na Rwanda zimefutiana ada za vibali vya kazi na raia wake hupita kwa kitambulisho. Makubaliano ya kutambuana kitaaluma yapo kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo, ila yanamhusu aliyekwisha kusajiliwa na bodi ya taaluma yake, jambo ambalo mhitimu wa jana hajalifikia. Kwa hiyo nafasi halisi za muda kwa wapya ni kwenye mashirika ya misaada, kampuni za teknolojia na miradi ya utafiti, ambako mwajiri ndiye huhangaikia kibali.

Mashirika ya kimataifa yanafaa kutajwa kwa ufupi. Mafunzo ya vitendo katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, ikiwemo ofisi ya Gigiri, Nairobi, hayalipwi. Kwa Mtanzania au Mkongomani asiye na ndugu Nairobi hayo ni matumizi, si kazi. Mpango wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, UNV, hulipa posho ya kujikimu na una kundi la vijana wa miaka 18 hadi 26. Umoja wa Afrika nao una kikosi cha vijana wa kujitolea cha miezi 12, kilichoanzishwa 2010, kwa umri wa hadi miaka 35. Ushindani ni mkali, na ombi moja kwa mwaka halitoshi.

Ghuba ni habari nyingine. Mikataba mingi ya huko ni ya miaka miwili, na mfumo wa kafala humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Yamefanyika mageuzi: Oman iliondoa Januari 2021 sharti la kuomba ridhaa ya mwajiri wa zamani kabla ya kuhamia kwa mwingine, na Qatar iliweka mwaka huohuo kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa mwenyewe. Kazi fupi kwelikweli huko ni za matukio makubwa, na Kombe la Dunia la 2022 lilionyesha hatari yake. Walinzi wa muda waliochukuliwa Kenya na kwingineko waliahidiwa miezi sita, na wengine walirudishwa mashindano yalipoisha, wakiwa hawajarudisha hata fedha walizokopa kwenda. Mkataba ulipokatwa nusu, hesabu nzima ya gharama ilianguka.

Wapo pia wanaokwenda Dubai au Muscat kwa viza ya matembezi wakitumaini kupata kazi wakiwa huko, mara nyingi kwa sababu kuna shangazi au binamu wa kufikia. Zanzibar na Oman zina undugu wa vizazi. Kufikia kwa ndugu ni halali, kufanya kazi kwa viza hiyo si halali. Tangu marekebisho ya 2024, mwajiri wa Falme za Kiarabu anayemtumikisha mtu asiye na kibali anakabiliwa na faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni moja. Matokeo yake ni kwamba mwajiri mwema hathubutu, na anayethubutu si mwema.

Mitego inayomlenga mhitimu haifanani na ya zamani. Zamani mlengwa alikuwa msichana wa kijijini asiyesoma. Sasa anatafutwa kijana mwenye shahada, anayechapa haraka na kuandika Kiingereza kizuri. Matangazo ya huduma kwa wateja au uingizaji data Thailand, kwa mshahara wa dola elfu na zaidi, yamewapeleka Wakenya, Waganda na wengine Bangkok, kisha kwa gari hadi Mae Sot, kisha kuvushwa mto Moei kuingia Myanmar, kwenye makambi ya ulaghai wa mtandaoni. Huko hunyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kutapeli watu kwa majina ya bandia, na anayetaka kutoka hudaiwa fidia. Serikali ya Kenya imekuwa ikitoa maonyo tangu 2022, na maelfu ya mateka wa nchi nyingi waliokolewa mapema 2025. Urusi nako, mpango wa Alabuga Start uliwatangazia wasichana wa Afrika wa miaka 18 hadi 22 kazi na masomo ya hoteli na usafirishaji. Uchunguzi wa shirika la habari la AP wa Oktoba 2024 ulionyesha kwamba wengi waliishia kuunda droni za kivita katika mkoa wa Tatarstan. Tiketi ya bure, ambayo katika weltwärts ni dalili ya mpango mzuri, hapa ilikuwa chambo. Tofauti hubainika kwenye jina: mpango mzuri hutaja taasisi, mji na msimamizi, na vyote vitatu vinaweza kupigiwa simu na mtu asiye wakala.

Kuhusu wakala, kanuni za Shirika la Kazi Duniani za ajira za haki, za 2016, zinasema gharama za kuajiri zisibebwe na mfanyakazi. Sheria za nchi hazijafika hapo zote, lakini zinahitaji leseni. Kenya orodha ya wenye leseni iko kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Tanzania Bara ofisi ya Kamishna wa Kazi na TaESA. Uganda wizara inayoshughulikia kazi. Leseni peke yake haitoshi, kwani kampuni yenye leseni inaweza kutangaza nafasi isiyokuwapo. Nyaraka tatu zilinganishwe kabla fedha haijatoka: mkataba, barua ya mwajiri na viza. Jina la mwajiri likitofautiana kati yazo, au viza ikiwa ya utalii wakati mkataba ni wa kazi, hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kuiponya tofauti hiyo.

Vyeti huchukua muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Rwanda na Burundi zimo kwenye Mkataba wa Apostili, hivyo muhuri mmoja hutosha kwa nchi nyingi wanachama, ingawa si zote. Mtanzania kwa kawaida huzunguka: chuo, Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi. Cheti cha kuzaliwa, hati ya polisi ya kutokuwa na makosa ya jinai na nakala za matokeo ziandaliwe katika mwaka wa mwisho wa masomo, pasipoti pia. Kalenda za nje hazisubiri mahafali ya Novemba: FLTA huombwa takriban mwaka mmoja kabla, huduma za kujitolea za Ujerumani huanza zaidi Septemba, na saa ya J-1 huanza kuhesabu siku masomo yanapoisha.

Kurudi nako kuna kazi yake. Mshiriki wa J-1 ana siku 30 baada ya mpango kuisha za kufunga mizigo, si za kufanya kazi. Katika miaka miwili ya kwanza ya kalenda kwa kawaida hakatwi michango ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Waajiri wengi humkata kwa kutojua, na fedha hiyo huombwa kwa mwajiri au, akikataa, kwa mamlaka ya kodi kwa fomu 843. Marejesho ya kodi ya mapato, fomu 1040-NR, hujazwa kabla ya Aprili 15 ya mwaka unaofuata, wakati mhitimu yuko nyumbani tayari, ndiyo maana hati za mshahara zisitupwe uwanja wa ndege. Baharia ahakikishe kitabu chake kimegongwa mhuri wa siku za utumishi kabla ya kushuka, maana kampuni inayofuata huzihesabu. Mkenya mwenye deni la mkopo wa masomo wa HELB, ambalo urejeshaji wake huanza mwaka mmoja baada ya masomo, atakuta limeendelea kukua alipokuwa hayupo. Na barua ya mwajiri inayotaja cheo, tarehe na majukumu iombwe wakati msimamizi bado anamkumbuka aliyefanya kazi hiyo, kwa sababu idara zinazoajiri watu wa miezi sita hubadilisha hata wasimamizi wake.